Nimeanza mpango wa kulipa madeni, mbona hofu imezidi?

"Shikamoo mama. Mimi ni mtu wa Tanga, nipo Leicester, Uingereza, mwaka wa tatu sasa, kazi yangu ni kutunza wazee. Tupo na mume wangu na watoto wawili. Nina madeni ya pauni 9,400: kadi mbili, overdrafti (kutoa benki zaidi ya salio), mkopo wa benki na katalogi ya nguo za mkopo. Mume anajua kadi moja tu. Zamani nilikuwa nalipa kima cha chini kila mwezi bila kukosa, jumla kama pauni 310, lakini chakula nanunua kwa kadi hizo hizo. Miezi mitatu iliyopita zamu zilipunguzwa kazini, nikashindwa kabisa. Mwezi uliopita nikapiga simu StepChange, shirika la hisani la ushauri wa madeni, tukafanya hesabu, wakanipangia nilipe pauni 130 kwa mwezi. Nilidhani nitapumua, kumbe ndiyo silali. Barua zimezidi, na moja inasema nimevunja mkataba. Simu ikiita moyo unakwenda mbio. Naogopa watakuja kubeba vitu watoto wakiwa ndani, naogopa kuhusu viza, naogopa mama nyumbani akisikia. Malipo ya kwanza ni tarehe 28. Nijitoe nirudi kulipa mwenyewe kama zamani? Nisaidie."

Marahaba mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho, maana tarehe 28 haiko mbali: usijitoe. Hizo pauni 130 ziache zilipwe. Mengine yote nitakayokuandikia yanaweza kusubiri usome ukiwa umetulia, hilo moja lisisubiri.

Sasa tuizungumze hofu yenyewe, kwa sababu naona unaichukulia kama dalili kwamba umekosea njia. Nimekaa na watu wenye madeni miaka mingi katika nchi hii, na wale niliowaona wakijitoa kwenye mpango, wengi walijitoa katika majuma haya haya uliyo nayo wewe, kabla ya malipo ya pili. Ukiwauliza, walikuwa na sababu moja: barua zimekuwa nyingi, kwa hiyo mambo yameharibika. Hapo ndipo wanapojidanganya. Mambo yalikuwa yameharibika wakati ule kulipokuwa kimya.

Fikiria ulivyokuwa ukiishi. Kila mwanzo wa mwezi unatoa pauni 310, wadai watano wananyamaza, unalala. Lakini fedha ya kununua ule ukimya ilikuwa fedha ya chakula, na chakula ukakihamishia kwenye kadi. Ulikuwa ukilipa huku na kukopa huku, na riba inatembea katikati. Kile kima cha chini hakikuwa kinamaliza deni, kilikuwa kinakutuliza wewe. Mpango umekunyang'anya kitulizo hicho siku moja, kabla haujakupa kingine, na mwili wako unalalamika. Ndiyo maana nasema hofu hii haikuambii lolote kuhusu kesho. Inakuambia tu kwamba umeacha kununua ukimya.

Kisha kuna jambo la pili, na hili ni la mtu wa kwetu. Wewe umekulia kwenye "dawa ya deni kulipa" na "kukopa harusi, kulipa matanga". Sisi tulifundishwa kwamba mtu mwenye heshima halali na deni la mtu. Ni mafundisho mazuri, sitaki kuyadharau. Lakini yalitungwa kwa deni la jirani, la mtu aliyekupa debe la mchele akakosa yeye. Kampuni ya kadi ilipokukopesha ilipanga riba yake ikijua kwamba katika wateja wake baadhi watashindwa. Kulipa utalipa, na unalipa. Ila usibebe aibu ya debe la mchele kwa ajili ya kadi.

Tuje kwenye barua.

Hiyo inayosema umevunja mkataba, naamini ni notisi ya kushindwa kulipa. Inatoka katika sheria ya mikopo ya Uingereza ya mwaka 1974, na maneno yake mengi makali ni maneno ambayo sheria inamlazimisha mdai ayaandike. Hakuna mtu aliyekaa ofisini akakuchagulia matusi. Sheria inamtaka akupe angalau siku 14 za kurekebisha kabla hajafunga mkataba na kudai deni lote kwa mkupuo. Mdai hawezi kuiruka hatua hiyo hata akipenda, kwa hiyo utaipata kutoka kwa mmoja, na pengine kwa wote watano, hata kama wamekubali mpango wako. Vilevile watakutumia taarifa za malimbikizo mara kwa mara, kwa sababu sheria inawataka wafanye hivyo. Mtu asiyejua hili akiona bahasha ya tatu anadhani mpango umekataliwa.

Na nikuambie kitu ambacho wengi kinawashangaza. Alama ya kushindwa kulipa ikishaandikwa kwenye rekodi yako ya mikopo, inakaa miaka 6 tangu tarehe ilipoandikwa, kisha inaondoka, hata kama deni hujalimaliza. Mwenye kuhangaika miaka mitatu akilipa nusu nusu bila alama hiyo kuandikwa, miaka yake 6 inachelewa kuanza. Wewe hesabu yako ni hii: 9,400 ukigawa kwa 130 ni miezi 72 na kidogo, yaani miaka 6 na kidogo. Barua uliyoilia ndiyo inayotangulia alama hiyo, na alama ikiandikwa, saa ya rekodi yako kusafishika inaanza, na saa hiyo itakwenda karibu sawa na deni lenyewe. Sisemi uifurahie. Nasema uiweke kwenye faili.

Nitakupa picha ya majuma yanayokuja, maana jambo ulilotabiriwa likitokea halikutishi kama lililokuvamia. Mpango ukianza, StepChange wanawapelekea wadai mapendekezo na hesabu yako ya mapato na matumizi. Kila mdai anajibu kwa wakati wake. Mmoja atakubali haraka, mwingine atakaa majuma kadhaa, mwingine anaweza kukataa kwa barua na bado akapokea fedha kila mwezi. Wengi husimamisha riba na tozo, lakini hawalazimiki, kwa sababu mpango huu ni makubaliano ya hiari, hauna nguvu ya amri ya mahakama. Deni moja au mawili yanaweza kuuzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, nawe utapata barua yenye jina usilolijua. Usimlipe huyo mgeni kwa simu. Chukua namba ya kumbukumbu, wapelekee StepChange, wao watabadilisha jina kwenye orodha.

Pauni zako 130 zinagawanywa kulingana na ukubwa wa kila deni. Tuseme kadi kubwa ni pauni 4,700, yaani nusu ya deni lote: itapata pauni 65. Katalogi ikiwa pauni 470, itapata 6 na senti 50. Mdai wa katalogi anaweza kukuandikia kwamba pauni 6 ni ndogo. Ni ndogo kweli, lakini ndiyo haki yake katika mgawo, na ukimwongezea yeye kwa woga umewanyima wanne wengine. Hapo watu wengi huteleza: anayepiga kelele zaidi ndiye anayelipwa. Mpango upo ili jambo hilo likome.

Kuna bahasha moja tu isiyowekwa kwenye faili kusubiri: ya madai ya mahakama. Kabla ya kwenda mahakamani, mdai hukuandikia barua ya onyo inayokupa siku 30 za kujibu. Akiendelea, utapata fomu za madai, mara nyingi zikiwa na anwani ya Northampton, na hapo una siku 14 za kujibu au kuomba muda. Ukiziona, siku hiyo hiyo piga simu StepChange. Hata hizo hazina maana kwamba umekwisha. Ukijibu na kuonyesha hesabu yako, mahakama inaweza kuamuru ulipe kidogo kidogo kulingana na uwezo wako. Kinachoharibu ni kukaa kimya.

Hofu yako ya mlangoni naijua inakotoka, mwanangu. Tanga na mitaa mingine ya kwetu tumeona mikopo ya kausha damu. Tumeona mwanamke akibebewa kochi, televisheni na godoro mchana kweupe, majirani wamejaa uani, kwa deni la rejesho la wiki mbili. Ukiona hivyo ukiwa mtoto au msichana, hodi ya mlango inabaki na maana ile ile hata ukivuka bahari. Lakini hapo ulipo sheria ni nyingine, na naomba uisome taratibu.

Kampuni ya kukusanya madeni si dalali wa mahakama. Mtu wao akija mlangoni, ana mamlaka sawa na muuza mayai: unaweza kumwambia kwa adabu aondoke na anatakiwa aondoke. Dalali wa kweli hawezi kuja kwa deni la kadi mpaka mdai ameshinda kesi mahakamani na wewe umeshindwa kufuata amri ya kulipa. Ni safari ndefu, yenye barua kila kituo. Hata akifika huko, tangu Aprili 2014 kanuni za Uingereza zinamtaka akupe notisi ya siku 7 kamili. Haruhusiwi kuja kabla ya saa kumi na mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku. Kwa deni kama lako hawezi kuvunja mlango aingie mara ya kwanza. Akikuta ndani kuna watoto wa chini ya miaka 16 peke yao, haruhusiwi kuingia. Vitanda, jiko, friji na mashine ya kufulia vya familia havichukui. Wafundishe wanao jambo moja tu: wakiwa peke yao hawamfungulii mlango mtu yeyote. Ni jambo ambalo ungewafundisha hata kama hudaiwi senti.

Jela haipo. Uingereza iliachana na kuwafunga watu kwa madeni ya kawaida kwa sheria ya mwaka 1869.

Ila nisikufariji kupita kiasi. Yapo madeni yanayouma haraka: kodi ya nyumba, kodi ya kaunsili (halmashauri ya eneo lako), umeme na gesi. Kodi ya kaunsili hasa, dalali wake anakuja mapema kuliko wote, kwa amri ya mahakama ndogo ambayo kaunsili huipata kwa urahisi. Mwezi ukibana, hizo ndizo za kulipa kwanza, kabla hata ya mpango. Na jambo jingine la kuangalia kabla ya tarehe 28: kama mshahara wako unaingia kwenye benki hiyo hiyo unayodaiwa overdrafti au kadi, fungua akaunti ya kawaida kwenye benki nyingine usiyodaiwa, uhamishie mshahara huko. Benki inayokudai inaweza kukata fedha yake kwenye akaunti yako. Nimeona mtu akiamka siku ya mshahara akakuta sifuri, na mpango ukafa siku ile.

Kuhusu viza, najua ndicho kinachokuamsha saa tisa usiku. Mpango wa kulipa madeni si msaada wa serikali, kwa hiyo hauvunji lile sharti la viza linalokukataza kupokea fedha za umma. Madeni ya kadi na katalogi si miongoni mwa madeni ambayo sheria za uhamiaji zinayataja kwenye maombi ya viza ya kazi. Deni linaloweza kukukwamisha ni la matibabu ya hospitali za serikali, NHS, likifika pauni 500, na gharama za kesi unazodaiwa na wizara yao ya mambo ya ndani. Ukifika siku ya kuomba uraia, wanaangalia mwenendo wako, fedha ikiwamo. Mwongozo wao unasema mtu hakataliwi kwa kawaida kwa sababu tu ana deni, ikiwa anajitahidi kulilipa. Umeona? Mpango wako ni ushahidi wa kujitahidi. Anayefilisiwa na mahakama, au anayekopa kwa makusudi bila nia ya kulipa, huyo ana maswali ya kujibu. Tunza kila taarifa ya malipo. Na kwa jambo lolote linalohusu viza yako hasa, muulize mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, usiwaulize watu wa kundi la WhatsApp.

Nije kwa mume wako.

Unajua kwamba nusu ya hofu yako haiko kwenye bahasha? Iko kwenye kuificha bahasha. Unasikia postamani, unakimbia kuwahi mlangoni kabla yake. Simu ikiita unaigeuza uso chini. Huo ni ulinzi wa saa 24, na hakuna anayelala akiwa zamu. Mpango unakwenda miaka 6, huwezi kuuficha miaka 6 ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Mwambie kabla ya tarehe 28. Usimwambie usiku, wala ukitoka zamu, wala akiwa na njaa. Chagua siku nyote mna nafasi, watoto wamelala au wako nje, weka karatasi ya hesabu mezani na uanze na mpango, deni lifuate. Kwa mfano: "Baba fulani, kuna jambo nimelibeba peke yangu na limenishinda. Nimeshatafuta msaada, na hii ndiyo hesabu ya kulimaliza. Naomba uione yote." Atakasirika? Pengine. Ana haki ya kukasirika kwa kufichwa, na ukimwachia siku mbili tatu za kununa bila kujitetea, utamsaidia. Kama madeni yote yako kwa jina lako peke yako, mwambie pia kwamba yeye hadaiwi. Lakini overdrafti ikiwa ya akaunti mnayomiliki wote wawili, benki inaweza kumdai yeye deni lote, na hilo lazima alijue kutoka kwako, asiambiwe na barua.

Ikiwa kumwambia kunakutia hofu ya kupigwa au kufukuzwa, basi acha haya niliyosema, na umweleze mshauri wako wa StepChange. Wao wana namna ya kuwasiliana nawe bila kumhatarisha mtu.

Mama yako Tanga ni suala jingine. Yeye hahitaji kujua kiasi cha deni. Anachohitaji kujua ni kiasi utakachotuma. Wengi wetu hatuzami kwa anasa. Tunazama kwa sababu kila mwezi simu ya nyumbani inakuta hatuna nasi hatujui kusema hatuna, tunatoa kwenye kadi. Ulipofanya hesabu na mshauri, ulimwambia unatuma nyumbani? Kama ulinyamaza kwa aibu, hizo pauni 130 si za kweli, na mwezi wa tatu mpango utapasuka. Rudi umwambie. Fomu ya hesabu wanayotumia imepangwa kwa maisha ya wenyeji, haina mstari uliokusubiri wa "dawa za presha za mama", lakini matumizi yanaweza kuelezwa, na mshauri anajua namna ya kuyaandika. Wadai wanaweza kuhoji kiasi kikubwa. Kiasi kidogo, cha kila mwezi, chenye sababu, kinaweza kutetewa. Hata kama malipo yatashuka kutoka 130 hadi 100 na miaka ikaongezeka, bora mpango mrefu unaoishi.

Kisha mpigie mama, umwambie kwa lugha yetu ya kawaida: "Mama, kuanzia mwezi huu nitakuwa natuma elfu kadhaa kila tarehe mbili, haitazidi wala haitapungua. Mambo ya dharura tushirikiane na kaka." Kilicho kigumu ni ile mara ya kwanza atakapoomba zaidi ukakataa. Andaa sentensi yako mapema, fupi, isiyo na maelezo marefu, maana maelezo marefu huwa ndiyo mlango wa kujadiliana. "Mwezi huu sina, mama, mpaka tarehe mbili." Halafu nyamaza.

Na kama uko kwenye mchezo wa kupeana na wenzako hapo Leicester, usiuache kimya kimya. Kama zamu yako bado, ongea na kijumbe umtafute wa kuchukua nafasi yako. Kama ulishapokea, hilo ni deni la watu unaoonana nao kila Jumapili, nalo mwambie mshauri wako waziwazi ili mtafute njia.

Sasa usiku. Usingizi hauletwi kwa amri, lakini kuna mambo nimeyaona yakisaidia watu.

Barua zipe siku yake. Tafuta kapu au boksi, kila bahasha iingie humo bila kufunguliwa, isipokuwa ile ya mahakama niliyokueleza na za kodi ya nyumba na kaunsili. Jumamosi saa nne asubuhi, umekunywa chai, kaa na mume wako au rafiki mmoja, mzifungue zote, mziandike kwenye daftari: tarehe, nani, anataka nini, nimefanya nini. Nusu saa, mnafunga. Bahasha ikianguka mlangoni Jumatano, unajua ina siku yake. Usipoweza kufungua mwenyewe, akufungulie mwenzio akusomee. Hakuna ubaya.

Simu, jiandikie karatasi ya maneno uyasome kama yalivyo: niko kwenye mpango wa kulipa madeni kupitia StepChange, namba yangu ya kumbukumbu ni hii, naomba mniandikie barua badala ya kupiga. Kisha unaaga na kukata. Hulazimiki kujibu kazini, hulazimiki kueleza maisha yako, na usitoe namba ya kadi wala kuahidi fedha nje ya mpango kwa sababu mtu amepandisha sauti. Mdai ukimwambia kwamba hali hii imekugusa kiafya, anatakiwa kukutendea kwa uangalifu zaidi. Unaweza kusema, si kujidhalilisha.

Ukiamka saa tisa na moyo unadunda, usilale pale ukihesabu. Inuka, keti jikoni, andika kwenye daftari lile lile jambo linalokusumbua na siku utakayolishughulikia. Pumua nje polepole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, dakika kadhaa. Kama unasali, sali hapo. Wala usiwashe simu kuangalia salio.

Lakini kuna hofu inayohitaji daktari, na nataka uitambue. Ikiwa majuma mawili matatu yamepita hulali, huli, unalia kazini, au mikono inatetemeka ukimwogesha mzee wa watu, nenda kwa GP, daktari wako wa kawaida, umwambie wazi kwamba ni madeni. England kuna huduma ya NHS ya ushauri wa kisaikolojia unayoweza kujiandikisha mwenyewe bila kupitia kwa daktari, na mkalimani wa Kiswahili unaweza kumwomba. Kama hali ya afya ya akili inakuzuia kushughulikia madeni, kuna fomu maalumu ya ushahidi ambayo mshauri wa madeni huitumia kwa wadai. Tangu Oktoba 2019 ma-GP wa England hawatakiwi kukutoza fedha kuijaza. Na ikiwa utafika mahali unajiona bora usiwepo, usisubiri Jumamosi wala jibu langu. Piga 111 uchague namba 2, au Samaritans, wanaosikiliza wenye dhiki, kwa 116 123, saa yoyote, bure. Ukiwa katika hatari ya papo hapo, 999. Nimekwenda kuwaona watu hospitali kwa sababu ya pauni 3,000. Hakuna deni la kadi lenye thamani ya mama wa watoto wawili.

Kuna kitu kingine ambacho huenda mshauri hakukitaja kwa sababu hukumwambia unavyojisikia. Tangu Mei 2021, England na Wales zina utaratibu wa kisheria uitwao Breathing Space. Mshauri wa madeni anakuombea, na kwa siku 60 wadai wengi wanazuiwa kukupigia kuhusu deni, kuongeza riba na tozo au kuchukua hatua dhidi yako. Huupati mara mbili ndani ya miezi 12, kwa hiyo haufai kutumiwa ovyo. Mwenye mpango wa madeni uliokwisha kuanza huenda asiuhitaji, lakini kwa kuwa malipo yako ya kwanza bado, piga simu kesho uulize kama unakufaa sasa. Uliza pia, kama hesabu yako mpya ikishuka mpaka ukabakiwa na pauni 75 au pungufu kwa mwezi, je, amri ya kusamehewa madeni ingekufaa zaidi? Tangu Aprili 2024 haina ada. Ina masharti yake na madhara yake, hasa ukifikiria uraia, ndiyo maana nasema uliza, sisemi chukua.

Na atakayekupigia akisema anaweza kukupunguzia deni nusu kwa ada ndogo tu ya kuanzia, mkatie simu. StepChange hawakutozi kitu, na asiyetoza tayari unaye. Mkitaka maoni ya pili, National Debtline wanapatikana kwa 0808 808 4000, nao ni bure.

Mpango wako una kasoro zake, nisikufiche. Rekodi ya mikopo imeshaharibika na itabaki hivyo miaka kadhaa. Ukihama nyumba, mwenye nyumba anaweza kukagua rekodi akataka mdhamini au kodi ya kutangulia. Mdai mmoja mkaidi anaweza kuendelea kutoza riba au kwenda mahakamani. Kadi hutatumia tena, na gari likiharibika itabidi fedha itoke mfukoni, ndiyo maana hesabu ile ina nafasi ya akiba kidogo kila mwezi. Usiifute ili kumpendeza mdai. Zamu zikipungua tena, usiruke malipo ukajificha. Piga simu kabla ya tarehe, malipo yanaweza kupunguzwa. Mpango hukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo wiki hii, mwanangu: kesho wapigie StepChange kuhusu fedha za nyumbani na Breathing Space. Fungua akaunti mpya kama inahitajika. Nunua daftari. Mwishoni mwa wiki zungumza na mume wako. Tarehe 28 ikifika, malipo yatoke. Baada ya malipo ya pili niandikie tena, unieleze umelala vipi, na uniorodheshee wadai gani wamejibu na wameandika nini.